Gari Lililougua Kila Ijumaa

Wanaume walipoondoka na jeneza la bibi, walichukua na chupa ya marashi. Moja. Zilikuwa mbili, nilizihesabu asubuhi nikazihesabu tena adhuhuri, maana kwenye nyumba yenye msiba vitu huota miguu. Ya pili ilibaki kwenye dirisha la chumba chake, imejaa nusu, kifuniko kimelegea, chumba kizima kinanuka mawaridi. Wanawake tukakaa mikekani kama tukaavyo siku zote, wanaume wakaenda kumlaza na kulimwagia kaburi marashi kama wafanyavyo siku zote. Mimi nikainuka, nikaichukua ile chupa, nikachukua na mrashi wake wa shaba wenye shingo ndefu, nikatoka uani, nikapiga magoti mbele ya gari na kuanza kunyunyizia matairi.

Mama mmoja akamwambia mwenzake, kwa ule mnong'ono unaokusudiwa usikike hadi barabarani, "Masikini, msiba umempanda kichwani." Sikugeuka. Nilikuwa na mapatano na marehemu, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba mapatano yanavunjika kwa sababu upande mmoja umekufa. Lakini najua mlivyo, nyinyi wa rika langu mliokulia Nguvumali: habari ya matairi itakuwa imeshafika Muheza na kurudi, nayo imeongezewa. Basi bora niisimulie mwenyewe kwa hesabu yake kamili.

Gari lilikuwa la baba. Jipu la zamani, refu, rangi ya mchanga uliolowa, injini ya petroli yenye silinda sita. Kitasa cha boneti kilivunjika kabla sijazaliwa au baada, simulizi zinapingana, na baba alikuwa akiifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Kila siku asiyosafiri alikuwa ameinama mle ndani, miguu nje, sehemu yote iliyobaki imo kwenye injini, mkono wa kushoto umeshika ukuta wa nyuma karibu na kioo na wa kulia unatafuta kitu nisichokiona. Nilipokuwa mdogo sana nilidhani baba za watu huishia kiunoni.

Ni yeye aliyenifundisha kuhesabu. Si shule. Alikuwa akiliwasha gari asubuhi, ananichuchumaza nyuma, ananishika kiganja na kukiweka mbele ya bomba la moshi, mbali kidogo nisiungue, ananiambia, "Hesabu pumzi." Nami nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. "Ngapi?" "Sita!" "Hesabu tena." Nahesabu tena. Sita. Anasema mara ya kwanza mtu hubahatisha, ya pili ndiyo anahesabu. Kisha ananiambia, "Siku ukizikuta tano, usipande. Niite."

Leo nimekua na nimekaa gereji kuliko wanaume wengi wanaonitolea bei, na najua hakuna binadamu anayeweza kuhesabu pumzi za injini inayozunguka namna ile. Nilikuwa nikihesabu tabasamu lake. Lakini kiganja kinajua kitu ambacho hesabu haikijui. Injini nzima inakipiga kiganja sawasawa kama mtu anayetwanga bila wasiwasi. Silinda moja ikikosa kuchoma, kuna pengo, na pengo hilo linarudi, linarudi, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Mafundi wanasema gari linamisi. Baba alikuwa akisema limepungukiwa.

Akafa kwa homa ya wiki moja. Sitaisimulia. Nitasema tu kwamba waliporudi makaburini, baba mkubwa, kaka yake, aliniinua akanipakata, na kanzu yake ilikuwa inanuka marashi ya mawaridi kuanzia mikononi hadi kifuani. Nikamuuliza, "Baba yuko wapi?" Akasema, "Tumemwacha anapumzika." Nikakaa na harufu ile nikatia akilini: basi hii ndiyo harufu ya baba sasa. Mtoto akipewa ushahidi kidogo, hukumu anaimaliza mwenyewe.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka, na gari nalo halikutoka, likakaa uani limefunikwa turubai, watu wakawa wanasema katika nyumba ile kuna wajane wawili. Eda ilikwisha Jumatano. Ijumaa asubuhi mama alitoa turubai, akapanda, akaenda Amani kuteremsha iliki na mdalasini kwa wakulima walewale aliokuwa akiwaendea baba. Aliwasha mara moja tu likashika.

Mtaa ulishikwa na kikohozi. Mwanamke, tena mjane, tena peke yake na gari la mlimani! Baba mkubwa alikuja jioni ileile na shati lililopigwa pasi, ishara kwamba amekuja kama ukoo, si kama mtu.

"Shemeji," akasema, "lile gari ni la kiume. Wewe huliwezi."

"Lenyewe halijaniambia," mama akajibu, akaendelea kupembua iliki.

Hakuwa mtu mbaya, baba mkubwa. Aliamini kila kitu cha marehemu kinachotembea kitakuja kumuua mtu mwingine wa familia, na aliona afadhali kiuzwe. Walishapatana wakati wa kugawa vitu: gari libaki kwa mama maadamu linafanya kazi yake, likishindwa kazi, mkubwa wa familia ataliuza, kila mtu apewe fungu lake. Mama alikubali kwa sababu alijua gari ni zima. Na ndilo lililotulisha. Bila gari hakuna iliki, na bila iliki mama angerudi kwao, mimi ningebaki kwa baba mkubwa nihesabu watoto wake tisa.

Ijumaa ya tatu gari likaanza kuumwa.

Nilikuwamo. Tulitoka Nguvumali likiwa linatetema kidogo, tukafika Muheza linavumilia, lakini tulipopita Sigi na kuanza kupanda, likaanza kukohoa na kurusharusha mabega kama mtu anayebishana. Kwenye kona moja yenye mwamba upande wa kushoto na hewa tupu upande wa kulia likazima. Mama alitia mawe chini ya matairi, akangoja, akaliwasha, likazima. Tulirudi kinyumenyume hadi mahali pa kugeuzia, mtoto wa darasa la pili akiwa ndiye mwelekezaji: kata kushoto mama, kata, kata, basi. Tulirudi Tanga bila iliki hata punje.

Kesho yake, Jumamosi, tukalipeleka kwa Fundi Hizza. Fundi Hizza alikuwa Mbondei, mfupi, mwenye gereji ya mabati isiyo na mlango na mdomo usio na mlango vilevile. Baba alikuwa haendi kwingine.

"Shikamoo, fundi," nikamwamkia.

"Marahaba, Mdigo mdogo. Mmeniletea maiti au mgonjwa?"

"Mgonjwa," mama akasema. "Linamisi. Mlimani linakata kabisa."

Akaliwasha. Likanguruma vizuri, sawasawa, bila aibu. Akamtazama mama. Mama akalitazama gari jinsi unavyomtazama mtoto aliyekuaibisha mbele ya mwalimu.

Hapo ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza ile kazi ya ndala. Fundi alivua ndala yake ya mguu wa kulia, akaikunja, akaishikia waya wa plagi ya kwanza huku injini inaunguruma, akauchomoa. Injini ikayumba. Akaurudisha, ikatengemaa. "Umesikia?" akaniuliza. "Ukimwondoa anayefanya kazi, wenzake wanalalamika. Ukimwondoa mvivu, hakuna anayejua kama ameondoka." Akaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Kila waya uliochomolewa injini ililalamika. "Wote wanafanya kazi. Gari lenu zima. Nyinyi Wadigo mnapenda kuugua, hata vyombo vyenu mmevifundisha."

"Na nyinyi Wabondei mkishindwa kuona ugonjwa mnamtukana mgonjwa," mama akasema. Fundi akacheka, maana huo ndio utani wetu na hakuna anayeukasirikia.

Ijumaa iliyofuata likaumwa tena. Jumamosi zima. Fundi akabadilisha plagi zote sita, akasafisha kabureta, akapiga mswaki ndani ya kile kifuniko cha distribyuta ambamo umeme hugawanywa kwenda kwenye kila plagi. Nyaya akaziacha, akasema mipira yake imepasuka kidogo lakini bado zina maisha. Ijumaa ya baada ya hiyo likaumwa zaidi. Mara mbili mama alifika Amani kwa kusubiri nusu saa kila kona. Mara nyingine hakufika. Mtaa ukatoa majibu yake: gari lina jini. Baba mkubwa alipoambiwa kwamba linaumwa Ijumaa tu, alitafakari akasema angalau ni jini la Kiislamu.

Siku moja Fundi Hizza alikaa juu ya tairi bovu, akafikiri hasa, akauliza, "Mama, Ijumaa asubuhi mnafanya nini? Mnaliosha?"

"Silioshi mpaka Jumapili."

"Linalala nje? Mvua inaliingia?"

"Lina turubai."

"Maana mvua ikiingia huku," akaonyesha vile vishimo sita ambamo plagi zimezama, "cheche inapotea njia. Injini haimisi kwa maringo." Akanigeukia mimi. "Wewe unayelala dirisha la uani. Ijumaa asubuhi kuna nini tofauti?"

Nikasema, "Hakuna."

Huo ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo, na nilikuwa tayari kuurudia mara ya pili kwa hesabu kamili. Kwa sababu tofauti ilikuwapo. Kila Ijumaa alfajiri, baada ya adhana, kabla mama hajatoka jikoni na chai, harufu ya marashi ya mawaridi iliingia kwenye dirisha langu kutoka uani. Na mimi nilijua ni nani. Baba anakuja. Anakuja Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya safari, anainama palepale alipozoea kuinama, na akiondoka anachukua pumzi moja katika zile sita, kwa kuwa huko alikolazwa hana. Mimi ningemnyima vipi? Zilikuwa sita, sisi tulibakiwa na tano, na yeye ana moja. Niliona mgawanyo wa haki. Kama fundi angeliponya gari, baba angekosa alichokuwa anakifuata, asingekuja tena.

Basi kila Ijumaa gari likikwama mlimani na mama akishuka kuweka mawe chini ya matairi, mimi nilikaa kimya ndani, nimejaa siri, nikiwa na furaha. Mama alikuwa anazeeka mbele ya macho yangu na mimi nilikuwa na furaha. Nimekwisha kulihesabu hilo mara nyingi kuliko mbili na jibu halibadiliki.

Kisha baba mkubwa akaja na shati lililopigwa pasi na mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa. Yule mtu alilizunguka gari, akapiga tairi teke, desturi ya wanunuzi wote duniani wasiojua wanachokitafuta.

"Shemeji, tulipatana," baba mkubwa akasema. "Likishindwa kazi."

"Limeshindwa?"

"Mlima unajua. Watu wanajua. Wewe peke yako hujui."

Mama akaweka ungo chini. Sijawahi kumwona akiweka ungo polepole namna ile. "Ijumaa panda," akasema. "Panda wewe, na huyu bwana na viatu vyake apande. Twende Amani. Likizima njiani, ufunguo nakupa palepale, nitarudi kwa miguu. Likifika, sitaki kulisikia tena neno kuuza humu ndani, si kwako, si kwa mtaa, si kwa jini."

"Na likikohoa?"

"Nimesema likizima."

"Likikohoa ni sawasawa na kuzima."

"Haya. Likikohoa."

Niliposikia hivyo nikataka kulia, maana mama alikuwa amepatana vibaya. Kamwe usimwongezee mtu kikohozi bure. Lakini yeye hakujua ninachokijua mimi, kwamba Ijumaa baba atakuja kama kawaida, atachukua pumzi yake, gari litakohoa, litauzwa, na baada ya hapo atakuja uani akute turubai tupu. Nilikaa na jambo hilo usiku na mchana. Mwishowe nikaona njia ni moja: nimwahi. Nimwombe aruke Ijumaa moja tu. Nilikuwa tayari kumpa Ijumaa mbili baadaye.

Ijumaa ilipofika, adhana ya alfajiri ilinikuta nimevaa gauni la Idi, miguu mitupu nisije nikasikika. Nikafungua mlango wa uani kidogokidogo. Harufu ilikuwapo. Ukanda wa mpira umefunguliwa, boneti imeinuliwa, na mtu ameinama ndani yake.

Sikumkuta baba. Nilimkuta bibi.

Bibi mzaa baba, aliyekuja kwetu kutoka Tongoni siku ya msiba na hakuondoka tena. Amesimama juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ili afike. Mkono wa kushoto ameuweka kwenye ukuta wa nyuma karibu na kioo, palepale pa baba. Mkono wa kulia una mrashi, na anautikisa taratibu, na anaongea.

"Haya baba, leo una safari kubwa, na nduguyo anataka kukuuza. Nimekuongezea leo. Wao walikumwagia, wote, hata majirani. Miye mamako ndiye sikukumwagia."

Nilisimama pale na gauni langu. Kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa hasira. Nilitapeliwa. Wiki zote zile nilikuwa nimemtunzia baba siri, na baba hakuwahi kuja hata mara moja. Kitu cha pili kilikuja nyuma yake kimya kimya, kikiwa na sauti ya Fundi Hizza: cheche inapotea njia. Nikachungulia. Kwenye vile vishimo vya plagi maji ya mawaridi yalikuwa yanang'aa, kidogo kwenye cha kwanza, kidogo kwenye cha pili, na cha sita, kilicho chini kabisa ya mkono wake, kimejaa kama kikombe.

"Bibi," nikasema.

Alishtuka nusura aanguke kwenye mbuzi. "Weye! Mke mwenzangu! Unatoka wapi na nguo ya Idi?"

Alikuwa akiniita hivyo daima, mke mwenza, kwa kuwa babu alikuwa mume wetu sote kwa desturi ya utani, na tuligombana kama wake wenza wa kweli.

"Bibi, hayo marashi ndiyo yanayoliumiza gari."

"Marashi yaliyosomewa dua yanaumiza?"

"Dua haina neno. Maji. Yakiingia hapa umeme haupiti. Fundi amesema. Na kila Ijumaa linaumwa, na Jumamosi yakikauka linapona. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu, midomo inacheza. Ijumaa ya kwanza aliyoanza, na ile iliyofuata, na siku mama aliporudi bila mzigo, na yeye bibi, kwa kuona mgonjwa hapati nafuu, akawa anaongeza dozi. Uso wake ulijikunja polepole. Kisha akaukunjua kwa nguvu, kwa ubishi.

"Basi nifanyeje? Nimfute?" akasema. "Kaburini hatuendi. Wamefukia wakaja wakaniambia tumemaliza, kama wanaoniletea habari ya kisima. Hapa ndipo alipokuwa akisimama. Hapa ndipo pangu. Nimfute mwanangu kwa sababu ya Mbondei?"

Nilichokuwa nacho mimi ni bei. "Matairi," nikasema.

"Nini?"

"Mnyunyizie matairi. Matairi hayana umeme. Baba alikuwa akiyapiga kwa kiganja kabla ya safari, yote, umemwona. Mikono yake iko huko pia."

"Matairi yanakanyaga mavi ya mbuzi."

"Utayanyunyizia kabla hayajakanyaga."

Akanitazama. Nikajua amekwisha kuingia sokoni, maana mtu asiyetaka kununua haulizi ubora. "Manne," akasema.

"Manne."

"Na la akiba."

"La akiba liko ndani, bibi, halina kazi."

"La akiba ndilo linalohitaji dua kuliko yote. Siku likitoka, siku hiyo mambo yameharibika."

"Haya. Matano."

"Na usukani."

"Usukani hapana! Mama atanuka mikono."

"Basi ufunguo. Tone moja."

"Tone moja. Lakini injini haimo."

"Injini haimo," akasema. Kisha akavuta upindo wa kanga yake, akauchovya kwenye kishimo cha sita akaanza kukausha yeye mwenyewe, mkono uleule ulionyunyiza. Kanga ya kwanza ikalowa, akavua na ya pili, akabaki na gauni la ndani uani alfajiri, mwanamke ambaye sikuwahi kuona hata kisigino chake bila stara. Mimi nikachomoa waya mmoja mmoja, nikapuliza mipira, yeye anakausha. Kifuniko cha distribyuta nilikifungua kama nilivyomwona fundi, tukakifuta na kwapa la gauni la Idi, mahali pekee palipobaki pakavu.

Mama alitoka na chai akatukuta hivyo.

"Mnafanya nini?"

"Tunapangusa vumbi," bibi akasema. "Leta ufunguo niutie tone."

Mama alimtazama mkwewe, akanitazama mimi, akavuta pumzi puani mara moja. Akaleta ufunguo.

Tulipanda watano: mama kwenye usukani, baba mkubwa kando yake, nyuma yule mwenye viatu, bibi aliyekataa kubaki, na mimi katikati. Bibi alikuwa na mrashi mapajani kama mtoto. Gari lilitoka Nguvumali linanguruma. Muheza likapita bila kugeuza shingo. Sigi tukaanza kupanda, na baba mkubwa akaacha kuzungumza, akainamisha sikio.

Kwenye kona ya mwamba, ileile, nilisikia. Kikohozi. Kimoja, kifupi, kikavu.

"Nimesikia!" baba mkubwa akasema. "Shemeji, simamisha. Limekohoa."

"Ni miye," bibi akasema.

"Mama!"

"Nimekohoa miye. Nimezeeka, kuna baridi. Au nami utaniuza?" Akakohoa tena, kwa uzuri, kwa kuonyesha mfano. Mama hakusimamisha. Mguu wake ulizama kwenye mafuta, kona ikapita, na ya baada yake, na nyingine, tukaingia kwenye ukungu na harufu ya majani mabichi.

Kile kikohozi kilikuwa cha nani? Nilimuuliza bibi mara mbili maishani mwake. Akanipa majibu mawili.

Amani juu, mama aliegesha bila kuzima. Akashuka, akafungua ukanda wa mpira, akainua boneti mbele ya yule bwana wa viatu. "Njoo," akaniambia. "Hesabu."

Nikavua ndala. Waya wa kwanza, injini ikalalamika. Moja. Wa pili. Mbili. Watu wa kijijini walisogea kutazama mtoto wa gauni la Idi lenye kwapa jeusi akichokonoa injini inayowaka. Tatu. Nne. Tano. Nikafika wa sita. Kama huu hautalalamika, basi nilikuwa sahihi tangu mwanzo, baba ameichukua pumzi yake, na tumekwisha. Na sehemu yangu moja, nakiri, ilitamani hivyo. Nikauchomoa. Injini ikayumba karibu izime, ikalia kwa nguvu kuliko wote.

"Sita," nikasema.

"Huyo ni mtoto wako," baba mkubwa akasema. "Atakosaje kusema sita?"

Mama hakumjibu yeye. Alinitazama mimi. "Hesabu tena."

Nikahesabu tena, kwa sauti, mara hii nikimtazama baba mkubwa machoni kila waya unapotoka, na mara hii sikumhesabia mtu yeyote aliyekufa. Sita. Zote zetu. Baba hakuwa amechukua hata moja. Alikuwa ametuachia zote. Yule bwana akasafisha kiatu kwenye nyasi akasema gari zima kama hilo hata yeye asingeliuza, maneno yaliyomaliza kazi yake pale. Baba mkubwa akaanza kupakia magunia ya iliki, kwa shati lake la pasi, bila kuambiwa.

Hayo ndiyo yaliyonifikisha uani nimepiga magoti siku ya maziko ya bibi. Miaka yote hiyo alikuwa akiyanyunyizia kila Ijumaa, manne na la akiba, na tone la ufunguo, na siku alizokuwa mgonjwa niliyanyunyizia mimi nikampelekea taarifa kitandani. Siku ile sikungoja Ijumaa.

Wanaume waliporudi, baba mkubwa alikuja uani taratibu, fimbo mkononi, udongo wa kaburi la mama yake kwenye miguu, kanzu inanuka mawaridi kama zamani. Akasimama akinitazama namalizia tairi la nne. Nikafungua nyuma, nikamnyunyizia bibi la tano.

"Na injini?" akauliza. "Hutamtilia hata tone, leo?"

"Injini haimo, baba mkubwa," nikasema. "Tulipatana."

Akatikisa kichwa. Kisha akapiga magoti kwa shida, kando yangu, akaanza kuyapiga matairi kwa kiganja huku akihesabu, moja moja, yote. Alipomaliza nikamwambia ahesabu tena.